Foleni ya Mababu

Abudu alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka pale Old Kampala. Kwa miaka miwili, tangu Wahindi wafukuzwe, kazi yake ilikuwa kufuta majina yao na kuandika ya wenye maduka wapya. Kufuta kulikuwa kumemchosha. Serikali ilipotangaza maonyesho ya picha ya sikukuu ya Uhuru, alitandaza turubai kuukuu la lori ukutani akamchora babu yake.

Babu huyo alikuwa askari Mnubi, aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan. Abudu alizaliwa Kampala, na baba yake pia, lakini sokoni hawakukosekana wa kumwuliza atarudi kwao lini. Alitaka babu atundikwe mara moja tu kwenye ukuta wa serikali, kila mtu amwone, wakome. Alimchora mwishoni mwa safu ya askari ishirini, tarbushi kichwani, na mbele yao Mzungu juu ya nyumbu.

Hakuna picha iliyopita bila kibali cha Kapteni Doka, mwanajeshi aliyesimamia maonyesho. Alikuja saa nane mchana, akalitazama turubai muda mrefu mpaka Safinah, mke wa Abudu, akaanza kusoma dua jikoni.

"Huyu Muzungu nafanya nini hapa mbele?"

"Alikuwa mbele, afande."

"Toa yeye."

Abudu akamtoa. Sasa jeshi zima likawa linaongozwa na nyumbu, jambo ambalo Kapteni aliliona baya zaidi. Akavuta benchi.

"Weka babu yangu. Mimi nafanana na yeye sana."

Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mzee huyo alikuwa askari, lakini nani angebisha? Abudu, ambaye hakujua kuchora uso ambao hakuwahi kuuona, alimpandisha Kapteni kwenye benchi, mguu huku na mguu huku, akaanza kazi.

Habari zilifika kambini kabla rangi haijakauka. Kesho yake wakaja sajini wawili, dereva na mpishi wa mesi, kila mmoja na babu yake, na nyuma yao wengine. Babu wa dereva alikuwa mchukuzi wa mizigo Port Bell. Wa mpishi alitoka Kongo kwa miguu akimkimbia mkwewe. Wote wakavishwa tarbushi, wakapewa bunduki.

"Baba Rehemah," Safinah akasema, "kama Uganda yote imekuja na jeshi, nani alikuwa hapa kuwapokea?"

Kufikia Ijumaa askari kumi na tisa walikuwa na sura mpya. Alibaki wa mwisho, na huyo Abudu alimlinda kama mboni ya jicho.

Ndipo akaja Obwona, fundi cherehani wa duka la pili, Mwacholi, na siku hizo Waacholi walikuwa wakisakwa. Wiki ile shemeji yake alikuwa amechukuliwa na gari la watu wasiojitambulisha, na hakuwa amerudi. Obwona alisimama mlangoni akiikunjakunja kofia yake.

"Ndugu yangu, babu yangu alikuwa askari ya kweli, si kama hawa. Kama yeye iko pale na Kapteni, nani atanigusa?"

Abudu alikasirika. Alitaka kumwambia aende zake. Akamtazama babu, akamtazama Obwona, na roho ikamuuma pande zote mbili.

"Kaa hapo," akasema. "Na usicheke, uko jeshini."

Alimfuta babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yalimtoka, naye akayasingizia mafuta ya taa aliyochanganyia rangi.

Siku ya maonyesho Kapteni Doka aliwatembeza wageni kwenye picha, babu mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wa mwisho akamwona Obwona pembeni, pua ile ile, akamshika bega.

"Huyu ni mtoto ya askari yetu!" akawatangazia wenzake. Kisha akamgeukia Abudu. "Na wewe fundi, babu yako iko wapi?"

"Bado yuko njiani, afande," Abudu akajibu.

Kapteni alicheka mpaka akashika tumbo, na wageni wote wakacheka naye. Obwona peke yake hakucheka.