Mshahara wa Mtu Aliyelala

Siku ya Alhamisi, tarehe 31 Machi, mwaka 1977, watu walikusanyika nyumbani kwetu, karibu na Kebirigo, kumwombolezea mume wangu Ombati, naye alikuwa hai. Mimi mwenyewe nililia pamoja nao. Nimeona ni vema niandike jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa sababu hata leo nikilikumbuka mwili hunisisimka.

Ombati alifanya kazi kiwandani, katika chumba cha kukaushia majani ya chai. Vumbi la chumba hicho huwakohoza wote, kwa hiyo kikohozi chake kilipoanza mwezi wa Desemba, hakuna aliyekitambua ila mimi niliyelala kando yake. Alitokwa na jasho hadi blanketi likalowa, na asubuhi akaondoka kama kawaida. Saa nne wafanyakazi walipewa uji, wakaunywa kwa kikombe kimoja cha bati kilichozunguka mkono kwa mkono. Kukikataa kulikuwa ni kuwadharau wenzako. Basi Ombati alikunywa, akampa rafiki yake Nyangau.

Nilimsihi abaki nyumbani. Akanijibu, "Mama Kerubo, nikilala wiki moja tu, kuna mtu amesimama langoni tangu Krismasi akiomba nianguke."

Sote tulijua kwamba siku usiyofanya kazi hulipwi, na ukikosa siku nyingi nafasi yako hupewa mwingine. Tulikuwa na watoto watano, na miche yetu ya chai ilikuwa bado michanga, haijaanza kuchumwa.

Tarehe 7 Machi alikohoa damu mbele ya msimamizi. Karani wa kiwanda, kijana mpole aitwaye Andrew Angwenyi, alimpa barua ampelekee daktari huko Nyamira. Daktari alisema ni kifua kikuu. Aliagiza sindano kila asubuhi, tena akaandika kwamba Ombati asikanyage kazini kwa miezi miwili, kwa faida yake na ya wale wanaovuta hewa moja naye. Karani alipoisoma karatasi hiyo alimwambia aende akalale, mshahara wake utamfikia, kwa kuwa sheria mpya ya kazi ndivyo inavyotaka.

Ombati hakuamini hata kidogo. Alisema hayo ni maneno matamu ya kumtoa mgonjwa mlangoni bila kelele. Akakata shauri kwamba atadungwa sindano hadi mwisho wa mwezi, na Ijumaa ya tarehe mosi Aprili atarudi kazini, awe amepona au hajapona, akanikataza kumwambia mtu yeyote. Nilizifua nguo zake za kazi.

Wiki hiyo nilikutana sokoni na Tryphosa, mke wa Nyangau. Tulizungumzia bei ya wimbi. Kisha akaniambia, kama mtu anayesimulia jambo dogo, kwamba siku hizi mumewe huamka shuka zimelowa. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu. Nilielewa kwamba mume wangu akirudi katika chumba kile ataua watu, naye mwenyewe atakufa, na mimi nitakuwa nimenyamaza.

Alhamisi ikafika. Ombati alikuwa amekwenda kudungwa sindano. Mama mkwe wangu, Bathsheba, alikuwa akipalilia karibu na njia, ndipo tukasikia pikipiki ya kiwanda ikipanda kilima. Ni lazima msomaji aelewe kwamba pikipiki hiyo ilikuwa imepanda kilima chetu mara moja tu, mwaka uliotangulia, ilipomletea mjane wa Makori, mfanyakazi mwenzake Ombati, pole na bahasha.

Karani akashuka, akavua kofia, akatoa bahasha mfukoni, akauliza kwa adabu kama hapa ndipo kwa Ombati. Bathsheba hakungoja neno la pili. Alitupa jembe akapiga ukemi uliovuka bonde. Mimi nilianguka chini penye ukuta wa jiko. Majirani wakaja mbio, Nyangau akiwa miongoni mwao, maana wiki hiyo zamu yake ilikuwa ya usiku. Maskini karani, alipoona watu wote wanalia, alidhani ametukuta katika msiba wetu wenyewe. Akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akaona si heshima kutaja mambo ya ofisi wakati huo.

Mzee Nyamweya, jirani yetu, alikuwa tayari ameanza kuwaonyesha vijana mahali pa kuchimba kaburi, upande wa kulia wa nyumba, wakati Ombati alipotokea njiani akitembea polepole, mkono mmoja ukishika nyonga iliyodungwa sindano. Watu walimpisha. Kilio kikakatika.

"Nani ametuacha?" akauliza.

Mzee Nyamweya hakuushusha mkono wake. "Ni wewe," akasema.

Karani akainuka, akaeleza kwamba ameleta mshahara wa Ombati. Hakuna aliyemwelewa. Bathsheba, ambaye sasa alikuwa amemshika mwanawe shati asimwachie, akamuuliza hiyo pesa ni ya kazi gani.

"Daktari aliandika alale, mama," karani akasema. "Amelala. Basi amelipwa."

Ombati aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaketi chini palepale. Watu waliokuja kuzika walisimama wakimtazama mtu aliyelipwa kwa kupona, wazee wakavua kofia zao, na mimi nilihisi kama niko kanisani. Tumezaliwa na kukua tukijua kwamba mgonjwa ni mzigo. Sasa palikuwa na karatasi iliyosema kwamba mgonjwa ana haki ya kungojwa.

Ndipo Nyangau akasogea, akasimama mbali kidogo na watu. Akamuuliza karani, kwa sauti ya chini, iwapo mtu akijipeleka mwenyewe kwa daktari, kabla hajaanguka, naye atahesabiwa hivyo. Karani akamjibu ndiyo. Nyangau akakohoa mbele yetu wote, kwa nguvu, kikohozi alichokuwa amekimeza kwa muda mrefu. Jumatatu iliyofuata alikwenda Nyamira, na wanaume wengine watatu wa chumba kile waliandamana naye. Kumbe wote walikuwa wakijificha, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Kesho yake baada ya kilio kile, ile Ijumaa tuliyoiogopa, Ombati aliamka alfajiri, akavaa shati la kawaida, akaenda kudungwa sindano.

Wewe uliyesoma haya, msomee mwenzako asiyejua kusoma, hasa yule anayegeuka ukutani ili akohoe, na umwombe naye amweleze mwingine.