Mchumba Aliyeuliza Madeni

Baba yangu alipotaka kuoa tena alikuwa na miaka sitini na minne, kiwanda cha magodoro, na binti mmoja ambaye ndiye mimi. Mama alikuwa ametutoka miaka mingi nyuma. Wafanyakazi walimwita Mzee Sponji, naye alijifanya hajui, ingawa nilishamsikia akijitambulisha hivyo kwenye simu. Mimi nilikuwa mhasibu wake. Tulikaa ofisi moja, meza zimetazamana, tukigombea feni.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mkunga, msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali iliyotuagiza magodoro. Yalipofika aliyabonyeza yote kwa goti, akarudisha sita. Alisema mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kuinuka kwenye godoro linalommeza. Baba alipandwa na hasira, maana hakuna aliyewahi kumrudishia godoro, akaenda mwenyewe kugombana. Alirudi mpole kama maji ya mtungini. Wiki iliyofuata akaenda kukagua kama yale mapya yanafaa. Akaenda tena. Sijui kama kuna hospitali nyingine ambayo magodoro yake yamekaguliwa kiasi kile.

Miezi ikapita, akaja kunieleza kwamba ameshamtamkia. Nilimuuliza amejibiwa nini.

"Ameniuliza nina madeni gani," alisema.

Alidhani ni utani, akacheka, kisha akaona Mkunga hacheki. Mume wake wa kwanza alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu mchangamfu, mkono wazi, asiyependa kumsumbua mke kwa habari za fedha. Alipofariki, wadai walianza kuja matanga hayajaanuliwa. Walichukua friji, wakachukua makochi, na madeni yaliyobaki Mkunga aliyalipa kwa mshahara wake mpaka mtoto wake wa mwisho akamaliza shule. Alimwambia Baba kwamba mali yake haitaki. Anachotaka ni kujua anadaiwa nini, na nani, na mpaka lini.

Baba aliyasema haya huku akizungusha kikombe chake kitupu juu ya meza. Halafu akaniangalia kama mtoto aliyepoteza kitu.

"Hivi, mama, sisi tunadaiwa kiasi gani?"

Ningeweza kulia. Kila baada ya miezi mitatu nilikuwa nikimwekea hesabu mezani. Alikuwa anatafuta mstari wa mauzo, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anasaini, anarudi zake kwenye povu. Sponji aliijua kama anavyojua kiganja chake. Akinusa tu mchanganyiko alijua umezidi nini. Ila ukimtajia deni alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuna gari la kupakiwa.

Tukakubaliana Mkunga aje Jumamosi asubuhi, mashine zikiwa zimezimwa. Alikuja na miwani yake ikining'inia kifuani. Nilimwamkia, nikampa kiti, lakini sikuwa na bashasha naye. Nilijiambia, haya, ngoja tuone huyu anayetaka kupekua mifuko ya baba yangu.

Nilianza na benki. Mtambo wa kumimina povu tuliununua kwa mkopo wa miaka saba, mitatu ilikuwa imeshalipwa. Nilimweleza kwamba huwa naukata mkopo huo vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kile kinachotakiwa kulipwa ndani ya mwaka huu, hicho lazima nijue hela yake itatoka wapi. Kipande cha pili ni cha miaka inayofuata, hicho ndicho tunachokiita deni la muda mrefu. Kinakaa kimya huko mbali, ila kila mwaka kinamega sehemu yake na kuisogeza karibu. Mkunga akauliza kuhusu riba, nikamwambia inapanda na kushuka kadiri benki inavyoamua. Akauliza tumeweka nini rehani. Nikamtazama Baba.

"Mtambo wenyewe," alisema Baba. Akakohoa. "Na nyumba."

Mkunga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Jumamosi ya pili tulifika kwenye mikataba ya kukodi, na hapo ndipo Baba alipochachamaa. Mashine ya kukata sponji ilikuwa ya kukodi, malori mawili yalikuwa ya kukodi, na jengo lenyewe tulikuwa wapangaji. Kwake yeye hayo hayakuwa madeni kabisa. Kukopa ni kukopa na kukodi ni kukodi, alisema, na mtu anayelipa kodi yake kila mwezi hadaiwi na yeyote.

Nilimuuliza, tukichoka na ile mashine kesho tunaweza kuirudisha tu? Akasema hapana, mkataba una miaka minne mbele. Nikamwambia basi hiyo miaka minne tumeshaahidi kuilipa, tupende tusipende, ndiyo maana naiandika kwenye vitabu upande wa madeni, na upande wa pili naandika haki yetu ya kuitumia mashine kwa muda huo. Akakunja uso. Nikaona maneno hayamwingii. Nikachukua chaki, nikawaambia wanifuate.

Tulizunguka kiwanda chote sisi watatu. Kwenye mtambo wa povu niliandika "benki". Kwenye mashine ya kukata nikaandika "kodi". Nikaandika "kodi" kwenye ukuta, na kwenye mlango wa kila lori. Kwenye vyerehani vya kushonea kava niliandika "yetu", na kwenye mizani, na kwenye meza ndefu ya kukunjia. Mkunga alinifuata akisoma kimya. Baba alibaki nyuma, amesimama mbele ya mashine ya kukata, mkono juu ya kifuniko chake cha chuma.

"Hii si tunainunua kidogo kidogo?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Mkataba ukiisha wenyewe wanakuja kuichukua."

Kwa miaka miwili alikuwa ameipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe, akiamini siku moja itakuwa yake. Sikupenda jinsi mabega yake yalivyoshuka. Mkunga naye aliona, akaenda kusimama kando yake, akamuuliza inakata vipi, na Baba akaanza kumweleza habari za visu na mikanda hadi sauti yake ikarudi.

Kabla hawajaondoka niliwaambia jambo moja ambalo sikutaka lipotee. Kiwanda kudaiwa si aibu, hakuna kiwanda kinachosimama bila deni. Cha kuangalia ni kama kazi inaingiza cha kutosha kulipa kipande cha kila mwaka, kodi na riba, na bado kikabaki cha mishahara na malighafi. Chetu kilikuwa kinatosha, kwa kubanana. Mauzo yangeyumba msimu mmoja, benki na malori tusingeweza kuvilipa kwa pamoja. Mkunga alinishukuru. Akasema alikuwa hajawahi kuelezwa mambo ya fedha na mtu asiyemficha wala kumtisha. Nilijikuta namsindikiza hadi getini.

Kisha benki ikaharibu kila kitu. Baba alimtajia ofisa wa mikopo, kwa furaha zake tu, kwamba anatarajia kuoa. Ofisa akampongeza, halafu akamwambia kwa kuwa nyumba iko rehani, mke mpya atatakiwa kusaini kwamba ameridhia. Baba hakuficha. Alikwenda siku hiyohiyo kumweleza Mkunga, na Mkunga akamsikiliza hadi mwisho, akasema ana zamu, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata pia. Baba hakumpigia simu, alisema mtu mzima akikataa amekataa. Alianza kula mchana akiwa amesimama. Akaagiza povu la njano badala ya jeupe, tukakaa na lundo la magodoro yenye rangi ya maziwa yaliyoganda. Fundi mkuu alinivuta pembeni akaniuliza kama Mzee anaumwa. Nilimwambia ndiyo, kidogo.

Nikaenda hospitali mwenyewe. Nilimkuta Mkunga akinawa mikono baada ya kuzalisha mapacha, amechoka, kofia imepinda. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Nilimwambia sikuja kumbembeleza, nimekuja kujua tu.

"Mwanangu, mimi baba yako sijamkataa," alisema. "Nimekataa ile saini. Siwezi kuingia kwenye nyumba ambayo nimeshakubali kutolewa."

"Yeye anajua hivyo?"

"Si nilidhani anajua."

"Baba yangu anajua sponji," nilimwambia. "Mengine lazima aambiwe."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta machozi kwa ukingo wa aproni. Ndipo nilipoelewa Baba alichokuwa anakwenda kukikagua kule.

Nilipomfikishia Baba maneno hayo aliniuliza itahitajika nini ili nyumba itoke benki. Swali hilo nilikuwa nimelisubiri tangu nilipoajiriwa, na jibu nilikuwa nalo kichwani. Tulihitaji kulipunguza deni hadi mtambo peke yake utoshe kuwa rehani. Alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu, ambacho kila mgeni alipelekwa kukiona na kuoneshwa kwa fimbo pale ghorofa itakaposimama. Kiuzwe. Na lori la pili, lililokuwa linalala nusu ya wiki, lirudishwe kabla ya wakati. Tungelipa fidia ya kuvunja mkataba, lakini fidia ilikuwa ndogo kuliko kodi iliyobaki.

Lori halikumsumbua. Kiwanja kilimuuma. Alikwenda kukitazama peke yake, akarudi viatu vimejaa vumbi, akakaa, akaomba kalamu.

Benki ilituzungusha. Walikuja kuupima mtambo, wakaja tena na mtu mwingine kuupima uleule, wakataka hesabu za miaka iliyopita nilizokuwa nimeshawapelekea. Mwishowe hati ya nyumba ikarudi mikononi mwa Baba. Mtu mwingine angenunua maua. Yeye alivaa tai, tai ambayo nilikuwa nimeiona msibani tu, akanitaka nimpeleke hospitali.

Tulimkuta Mkunga koridoni, wajawazito wamejaa kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa. Nilimnong'oneza Baba asubiri kidogo. Hakusubiri.

"Nyumba imetoka," alimwambia. "Lakini kiwanda bado kinadaiwa, sitaki nikudanganye. Benki, miaka mitatu na nusu. Mashine ya kukata, mitatu na nusu, na mwisho wake wanaichukua. Jengo, sita. Lori moja, miwili. Hakuna kingine. Nikifa kesho, hakuna atakayekuja kukugongea mlango."

Koridoni mama mmoja alikuwa ameacha kujipepea.

"Malori yalikuwa mawili," alisema Mkunga.

"Moja nimelirudisha."

"Na kiwanja?"

"Kimekwenda."

Mkunga alimtazama, tai na viatu, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha akanyoosha mkono akaiweka sawa ile tai. Alimwambia kwamba kaka yake anashinda nyumbani Jumapili, na kwamba si mtu mgumu, ila apelekewe habari mapema. Wajawazito wakapiga vigelegele. Baba aliwashukuru kwa kuwapungia mkono kama kiongozi.

Walioana kimyakimya, kwa chakula cha mchana uani kwa kaka yake. Nyumba yake mwenyewe Mkunga aliipangisha, ikabaki kwa jina lake, na kwenye karatasi za kiwanda hakusaini popote. Mwaka uliofuata mauzo yalishuka kweli, mteja wetu mkubwa alifunga hosteli zake mbili, na tulipita hapo kwa sababu hatukuwa na lori la pili la kulilipia. Baba alipunguza mwili kidogo, akalala vizuri, akaninunulia feni yangu mwenyewe.

Jumamosi hawakuziacha. Wanakuja wote wawili, Baba na chupa ya chai, Mkunga na miwani, wanavuta viti hadi mezani kwangu na kutaka waoneshwe kipande cha mwaka huu kimebaki kiasi gani. Baba siku hizi ananibishia habari za riba, na mara nyingine ana hoja. Wakimaliza wanazunguka kiwanda polepole, Mkunga akibonyeza magodoro kwa goti. Nimewaambia hii ni siku yangu ya mapumziko na naomba nilipwe ya ziada. Baba amesema atalifikiria. Mkunga amesema nilipwe, kisha ameuliza nadai kiasi gani, na tangu lini.