Spika Chini ya Kiti cha Mama Pacha

Masikio ya Mama Pacha yalichujuka polepole, kama kitambaa kinachofuliwa kila wiki. Huwezi kusema rangi ilitoka siku gani. Unashtuka tu imekwisha. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, amesimama katikati ya mitambo ya kufuma, na mitambo ile ndiyo iliyomla masikio kidogo kidogo. Kwanza walikwenda ndege wa asubuhi. Kisha ukaenda mlio wa sufuria ikichemka, kisha simu. Alipostaafu, dunia nzima ilikuwa imefungwa kwenye pamba, naye akaishi humo kimyakimya bila kumwambia mtu.

Kuficha hakukumpa taabu sana. Alijua kusoma midomo. Kiwandani wote walizungumza hivyo, maana pale hata upasuke koo hakuna anayekusikia. Nyumbani alimtazama mumewe usoni kila alipofungua kinywa, na mumewe, aliyebaki naye peke yao tangu watoto wao pacha walipooa na kuhama, aliona fahari kutazamwa vile.

"Mke wangu bado ananikodolea macho kama enzi za uchumba," aliwatambia rafiki zake.

Shida ilikuwa gari.

Baba Pacha alikuwa mchoraji mabango. Gari lake lilikuwa la zamani, la mgongo mrefu, ngazi imefungwa juu ya paa na makopo ya rangi yamepangwa nyuma, ndani kunanuka tapentaini hata madirisha yakiwa wazi. Siku za mapumziko walikwenda nalo sokoni, au kuwatembelea wajukuu. Na mtu anayeendesha gari hutazama barabara, si mke wake. Mama Pacha alibaki na shavu moja na sikio moja la mumewe, na shavu halisomeki. Akawa anabahatisha. "Mmh." "Kweli kabisa." "Ndiyo hivyo." Siku moja mumewe alimuuliza kama walifunga mlango wa jikoni, naye akajibu, "Mungu ni mwema."

Tangu hapo mazungumzo ya garini yakaanza kufifia. Baba Pacha akasema maneno machache, kisha machache zaidi, mwishowe akawa anaendesha tu. Mama Pacha alitazama nje. Na kusema kweli, kulikuwa na uzuri wake. Malori yalipita kama mawingu. Fundi wa kuchomelea alimwaga cheche za buluu kando ya njia, zikaanguka bila hata mnong'ono. Wasichana waliruka kamba, kamba ikagusa ardhi na kuinuka, ikagusa na kuinuka, kama kope za mtu anayesinzia. Nyakati nyingine alijisahau kabisa humo, akashtukia wamefika.

Kumbe mwenzake aliteseka.

Asubuhi moja Baba Pacha alimwambia, "Twende kwa Waya." Waya alikuwa fundi wa redio za magari, rafiki yake wa siku nyingi, mwembamba hata jina lilimkaa. Karakana yake ilikuwa kontena lililokatwa mlango mpana, ukutani spika zimening'inia za kila ukubwa. Mama Pacha akapewa benchi. Mumewe alisimama akiwa amempa kisogo, lakini Waya alimwelekea, na midomo ya Waya ilisomeka kama bango.

"Muziki gani?" alisema Waya. Akasikiliza. "Mfuko wenyewe ukoje?" Akacheka. "Basi tusikimbilie boksi kubwa la kutikisa mtaa. Redio yako iache, bado nzima. Tubadilishe spika za mbele, tuzibe matundu ya milango, nikutafutie amplifaya ndogo ya mtumba ya kukuza sauti. Utashangaa." Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo, na uso wake ukabadilika. "Aah, usiseme hivyo. Shemeji akuchoke? Kwa lipi?" Akatikisa kichwa. "Muziki utaweka. Lakini kama mtu hataki kuongea na wewe, ndugu yangu, spika haitamlazimisha."

Mama Pacha akatazama viatu vyake. Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Kazi ikaanza. Waya alifungua milango, akawaonyesha bati tupu la ndani. "Mlango wa gari ni debe," alisema. "Ukifunga spika nzuri kwenye debe, utasikia debe." Kwa hiyo walilivisha. Mama Pacha alileta mabaki ya mablanketi mazito, akayakata mwenyewe kwa mkasi wake wa kiwandani; mahali pa kona alipima kwa vidole tu, na kipande kikaingia palepale. Kilichobaki alikitandika chini ya viti. Baba Pacha alichonga mbao mbili za duara za kushikilia spika, na kwa kuwa hawezi kuacha mbao bila rangi, akazipaka nyekundu ingawa zingefunikwa na hakuna atakayeziona. Waya alivuta nyaya chini ya zulia. Zilikuwa siku nzuri. Watu watatu waliinama ndani ya gari moja wakipokezana bisibisi, na Mama Pacha, aliyewaona wote usoni kwa karibu, hakupitwa na neno.

Ikafika zamu ya kujaribu.

"Kaa mbele, mke wangu," alisema Baba Pacha, akiwa na haya kama mvulana. "Nimetafuta ule wimbo. Ule wa siku tuliyokutana dansini."

Akakaa. Mumewe akazunguka, akaingia upande wa usukani, akabonyeza hapa na pale. Akamgeukia. "Unasikia chochote?"

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Akafumba macho, akatabasamu, akaanza kupiga kidole gotini kufuata mapigo aliyoyakumbuka. Alifanya vizuri. Mabega yaliingia mdundoni, shingo ikalegea kidogo pale panapoanza tarumbeta.

Alipofumbua macho, Waya alikuwa amesimama dirishani na waya mkononi, ncha zake za shaba zikiwa wazi.

"Bado sijaunga," alisema Waya.

Baba Pacha akashuka, akaenda nyuma ya gari. Mama Pacha aliona mabega yake tu kwenye kioo. Aliporudi alikuwa ameshika kifuniko cha kopo, na juu yake, kwa rangi mbichi, ameandika: TANGU LINI? Herufi zilisimama sawasawa, na mazoea yalimshinda, maana kila herufi alikuwa ameitilia kivuli.

"Kitambo," alisema Mama Pacha. Hakujua kama sauti yake ilikuwa kubwa au ndogo. "Kabla sijastaafu. Huwa nasoma midomo."

Mumewe akachuchumaa mlangoni, uso kwa uso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaanza kunipigia kelele, kama watu wanavyowafanyia vikongwe. Nilitaka uendelee kuongea na mimi kwa sauti yako ileile. Hata kama siisikii."

Baba Pacha akafuta uso kwa kiganja, akajipaka rangi shavuni. "Na mimi nilidhani umenichoka."

"Najua. Nilimwona Waya akikujibu."

Waya wakati huo alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akitafuta kwa bidii skrubu ambayo haikuwa imeanguka. Alikaa huko mpaka alipoona wenzake wawili wameanza kucheka, kile kicheko kinachochanganyika na kilio. Ndipo akatoka na kujipangusa vumbi.

"Shemeji," alisema, akihakikisha anamtazama, "ukishika mashine ya kufuma ikiwa inatembea, unahisi?"

"Hadi kwenye mifupa."

"Basi tumekosea njia, hatujakosea safari. Ile amplifaya nairudisha kwa aliyeniuzia. Anayo spika moja ya besi, bapa, nyembamba kama sinia, yenye amplifaya yake ndani. Inakaa chini ya kiti."

Alikwenda akarudi nayo mchana uleule. Waliifunga kwenye sakafu, chini ya kiti cha Mama Pacha, kwa boliti nne zilizogusa chuma cha kiti chenyewe. Kwa desturi, Waya alieleza, fundi huhangaika kiti kisitetemeke. Hiki alitaka kitetemeke. Mama Pacha mwenyewe alichukua mkasi, akaondoa blanketi alilolitandika pale jana yake.

Waya akaunga waya, safari hii kweli. Akapiga paa la gari mara mbili kama anayeaga basi, nao wakaondoka.

Mwanzoni ulikuwa mtetemo tu, kama injini ya pili. Kisha ukapata hatua. Gita la besi liliingia kiunoni na kupanda taratibu, pingili moja baada ya nyingine. Ngoma ikamgonga nyuma ya mapaja. Mama Pacha akatulia tuli. Mtaa ulipita dirishani, nguo kwenye kamba, mwanamke akimwaga maji mlangoni, baiskeli, na vyote, bila kujua, vilikuwa vinakwenda na wimbo. Ikafika pale besi inaponyamaza kumpisha mwimbaji. Chini yake kiti kikakaa kimya. Na katika kimya kile, mahali pake hasa, sauti ya mwimbaji ikamjia, yote, na mkwaruzo wake. Haikutoka kwenye spika. Ilikuwa imekaa ndani yake miaka yote ikisubiri kuonyeshwa pa kuingilia.

Akaimba naye. Aliimba kwa nguvu, na bila shaka kwa kupotea sauti, maana aliona watu wa kando ya barabara wakigeuka, na shavu la mumewe likajikunja kwa kicheko, na likalowa.

Walikubaliana kwenda kwa daktari wa masikio wiki ile, na walikwenda. Daktari akasema kifaa cha masikioni kitamrudishia usikivu kidogo, si wote, na waanze na huo kidogo. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile wimbo ulipokwisha, Baba Pacha alizima redio, na Mama Pacha akaona taya lake linachezacheza. Alikuwa anaongea. Baada ya miezi ya ukimya alikuwa anaongea akiwa ametazama barabara, kwa sauti yake ya kawaida, bila kupaza.

Mama Pacha akapenyeza mkono kati ya kiti na mgongo wa mumewe, akaulaza pale katikati ya mabega. Ndani ya kiganja maneno yalipita, mengine mazito, mengine mepesi, yakasimama, yakaanza tena. Kilikuwa kisa kirefu. Kikapanda, kikatetemeka, kikaruka, naye akacheka.

Baba Pacha akaweka gari pembeni. Akageuka mzima mzima kitini, akamtazama.

"Umejuaje kama hapo panachekesha?"

"Pamekuchekesha wewe kwanza," alisema Mama Pacha. "Haya, nieleze. Anzia mwanzo."

Baba Pacha akazima injini, akajiweka vizuri ili mwanga wa dirishani umwangukie mdomoni, akaanzia mwanzo.