Jina Lililohamia Taipei

Beng-tek alikuwa na miaka mingi Taipei, lakini jina lake lilibaki kwenye daftari la wakazi la kwao Budai, nyumbani kwa mama yake. Kwa hiyo kila uchaguzi ilimbidi arudi kupiga kura, na mama huyo, Bi Siok-bin, alikuwa akimpikia uji wa chaza. Siku alipopiga simu kusema amehamisha jina, mama aliwaka.

"Nani kakutuma?"

"Mama, daftari linatakiwa lionyeshe ninapolala."

"Haya, kalale na daftari lako!" Akakata simu.

Siku ya uchaguzi Bi Siok-bin alikwenda kituoni peke yake, akarudi kupasua chaza huku akimsema karani wa Taipei aliyemwandikisha mwanawe. Saa saba mchana mlango ukafunguliwa. Beng-tek huyo, mkoba begani.

"Umefuata nini? Hapa huna kura."

"Nimeshapiga kule asubuhi, Mama, nikawahi treni. Nimekuja kula."

Bi Siok-bin akaendelea kununa, huku anamsogezea bakuli la pili lililokuwa mezani tangu asubuhi.

"Kumbe njia unaijua hata bila daftari!"