Parseli Ndani ya Ziwa

Telefone ya Huguette ilikataa nyumba yangu. Mimi, Mbuyu, nimezalia watoto watano ndani ya nyumba ile, halafu telefone inaniambia hakuna nyumba mule!

Huguette anafanya kazi kwenye biro, ofisi moja ya historia. Wanachora karta, ramani ya Kalemie ya zamani, ndani ya telefone: kila muntu anaonyesha nyumba yake ilikuwa wapi, anaieleza, na sauti yake inabaki pale. Mimi nilionyesha penye bwana yangu Anatole, fundi wa treni, alinijengea kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Ziwa lilipopanda liliimeza, na yeye akafa mwaka uleule. Picha sina hata moja. Nyumba ile isipoingia kwenye karta, nani atajua kama Anatole alipita hapa duniani?

“Mama, hapo ni majini,” Huguette alisema. “Karta itakubali tu kama jirani anashuhudia.”

Jirani? Emérance! Miaka kumi na tisa hatusalimiani, sababu ya mupaka. Eti ukuta wangu ulikula mita moja ya parseli yake, kiwanja chake. Mwongo mukubwa yule.

Lakini nilimufuata Huguette mpaka kule mulimani, kwenye Emérance alihamia wakati maji yalichukua na nyumba yake. Emérance alinitazama, akasukuma kiti upande wangu.

“Mulango wa kijani,” aliiambia telefone, bila hata kunisalimu. “Anatole alikuwa anapiga muluzi akitoka kazini. Sisi majirani tukimusikia tu, tunaweka sufuria motoni.”

Masikini mimi! Muluzi ule nilizania nimebaki nao peke yangu. Nililia palepale, mbele ya adui yangu.

Huguette akaweka alama nyekundu ndani ya bluu ya ziwa. Emérance akavaa miwani, akainama, akaichungulia sana.

“Sogeza,” alisema. “Hapo njo kwangu, ndani ya parseli yangu. Mita moja.”

Huguette akaniangalia kwa woga. Matusi yalishafika mudomoni. Halafu nikawaza: nani mwingine duniani anaikumbuka mita ile?

“Mupatie mita yake,” nilisema. “Halafu weka na nyumba yake pale kando, ukuta kwa ukuta.”