Visiki Kumi na Kimoja

Apollinaire alipofika uwanja wa nyuma wa kanisa, pale ugenini Queensburgh, alikuta uharibifu. Miti yake yote ishirini ya isibhaha, mti wa dawa, ilikuwa imechunwa magome kiunoni, kuzunguka shina zima, mwili mwekundu uko nje kama mbuzi wa buchani.

Miaka saba ameilea! Porini mti huo ulikuwa umekwisha kwa uchunaji wa namna hii hii, maana waganga wanalilia gome lake. Yeye alitaka kuonyesha kwamba unaweza kulimwa, ukavunwa, na usife.

"Nani amefanya uchafu huu?"

"Mimi," akajibu Deusdedit, mwenzake wa kupanda na kumwagilia, bila hata haya. "Waganga walikuwa wanangoja. Kelele za nini? Majani si bado iko kijani?"

Apollinaire akatema mate. Mtu mzima, ndevu zote zile, hajui kwamba mti uliochunwa hivyo umeshakufa, ila haujaambiwa tu! Kwao Kivu, kwenye mashamba ya kwinini, baba yake alikuwa akikata shina chini ya kidonda, karibu na ardhi, na kisiki kinachipua. Lakini lazima ukate mapema, mizizi ikiwa bado na nguvu.

Akashika msumeno. Alipomaliza mti wa kumi na moja, Pasta Méthode, mwenye uwanja, akatokea.

"Muone, Pasta!" Deusdedit akapaza sauti. "Miti mizima, anaiua!"

Pasta akatazama visiki, akatazama majani ya kijani. "Eish, papa Apollinaire! Toka hapa."

"Pasta, nakuomba, niachie hii tisa. Nisipoikata itakauka."

"Toka! Hii tisa tutaiombea."

Apollinaire akaondoka na msumeno wake.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili, Deusdedit akasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, ameshika chipukizi mkononi. "Wapendwa, visiki vimechipua! Nilifunga siku tatu, nikaviwekea mikono, Bwana akafufua!"

Vigelegele, kinanda, na Pasta mwenyewe anapiga makofi! Unafiki gani huu, jamani? Apollinaire akasimama.

"Ndugu yangu, na ile tisa mliyonikataza kukata, mkaiombea? Yenyewe iko wapi?"

Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani, ambako miti tisa ilisimama mikavu.