Mgeni wa Wiki Tatu

"Ndiyo maana huwezi kushuka," karani wa gati alirudia. "Umezaliwa hapa, kwa hiyo wewe si mgeni."

Mpishi wa boti aliendelea kugeuza samaki kwenye kikaango. Alimwuliza kama anayasikia maneno yanayomtoka. Karani akagonga karatasi yake kwa kalamu. Kuanzia saa nne hadi saa kumi mchanga ni wa wageni, wafanyakazi wabaki botini, wenyeji wabaki nyuma ya kamba.

Kilikuwa kisiwa cha tatu, siku ya tatu ya safari. Kwenye viwili vya kwanza wageni wanane walikuwa wameogelea, wakaota jua, wakamaliza kila alichopika mpishi. Hapa, nyuma ya kamba, hatua hamsini tu, binti yake alisimama amekumbatia mtoto wa kiume wa wiki tatu. Mjukuu wa kwanza. Boti ingeng'oa nanga saa nane na isingerudi mpaka mwezi ujao.

"Nakwenda kumwona mume wangu," alimwambia nahodha.

"Yule hana hata jino, mama. Atakutunza na nini?"

Karani nusura acheke, akakumbuka cheo. Akasema mguu wa mfanyakazi ukigusa mchanga tu, boti inafungiwa. Nahodha akarudi kwenye usukani. Boti haikuwa yake.

Mpishi akaichukua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari, akaiachia alama za mafuta. "Mchanga nimeuona," akasema. "Maji hayamo."

Karani akaigeuza nyuma. Kulikuwa kweupe.

Mpishi akavua aproni, akamkabidhi mwiko mgeni mrefu aliyekuwa akichungulia kikaango tangu asubuhi. "Mgeni siku mbili, baba. Ya tatu mpe jembe."

Yule bwana hakuelewa hata neno moja, lakini samaki walikuwa wanaanza kuungua, akageuza. Wenzake wakampigia makofi.

Mpishi akashuka ngazi na gauni lake, maji yakamfika kifuani. Binti alikuwa ameshapita kwenye mawe bila kukanyaga mchanga, anakuja akicheka, mtoto kifuani. Wakakutana maji yakiwa kiunoni, mpishi akampokea mjukuu, wakasogea pamoja mpaka yakawa ya vifundoni.

"Nawaona!" karani alipaza sauti kutoka gatini. "Mwisho hapo hapo!"

"Sisi tumesimama," mpishi akamjibu. "Lakini huyu ana wiki tatu tu duniani. Kama huyu si mgeni, nani mgeni?"

Akainama, akanyoosha mikono, akazigusisha nyayo mbili ndogo kwenye mchanga mkavu.